Ubao wa shairi stesheni: tunavyofanya Tabora

Ukitaka kupeleka mashairi stesheni, anza na ratiba ya treni. Nimefundisha Kiswahili hapa Tabora miaka mingi, na siku ya kwanza nilisimama jukwaani na utenzi wa beti arobaini. Ubeti wa sita, honi ikalia. Watu mbio na mabegi yao, nikabaki nawaghania mbuzi.

Sisi tuna bahati. Reli ilifika hapa 1912, na hapa ndipo njia zinapoachana: treni ya kutoka Dar es Salaam hukatwa, mabehewa ya Mwanza kivyake, ya Kigoma kivyake. Kichwa kikihangaika mbele na nyuma kuyapanga, abiria hushuka kununua asali na kunyoosha miguu. Muda huo ndio wako. Kwenye stesheni ndogo, treni inakosimama dakika chache, achana na waliomo ndani, ghania wanaoisubiri. Hao wana muda, wakati mwingine kuliko walivyotaka.

Kabla ya yote muone stesheni masta. Nenda asubuhi, shikamoo mbele, barua mkononi. Mhakikishie kwamba hamtasogelea reli, spika zenu hazitafunika matangazo, hamtaziba dirisha la tiketi. Hayo ndiyo yanayomnyima usingizi. Ushairi wenyewe hana ugomvi nao.

Halafu ubao. Kipande cha plaiwudi, rangi nyeusi, chaki. Wetu niliuweka kwanza karibu na dirisha la tiketi, watu wakadhani nauli imepanda. Tukauhamishia kwa mama muuza chai, na hapo ndipo ukasomwa, kwa sababu mtu mwenye kikombe cha moto hatembei.

Andika ubeti mmoja tu, wa mishororo minne, mizani, yaani silabi, kumi na sita kila mshororo, vina kati na mwisho. Najua vijana wanapenda mashairi huru, na mimi sina neno nao, lakini mtu mwenye gunia begani hushika kinachomgonga sikioni. Huko London mashairi yamekuwa yakibandikwa ndani ya treni za chini ya ardhi tangu 1986, abiria akae asome kimya. Letu lazima lisomwe kwa sauti, tena na mtu mwingine.

Wala usiagize malenga kutoka mbali. Reli hii inapita Dodoma kwa Mathias Mnyampala, bingwa wa ngonjera, na inaishia Kigoma, jirani na Ujiji alikozaliwa mshairi Saadani Kandoro. Waulize wachukuzi na mama ntilie kwanza. Ujanja wangu mmoja ni huu: andika mishororo mitatu, wa nne uache wazi, chaki ining'inie kwa kamba. Mchukuzi mmoja alinisomea hii, nikamwandikia:

Mzigo wangu mkubwa, si gunia si sanduku,
Nguvu zangu zimeibwa, na njaa ya kila siku,
Mama muuza ubwabwa, nipe na shingo ya kuku,

Nilikwenda zangu kuswali. Kurudi, nakuta watu wamejazana wanacheka, na mama ntilie anapangusa vumbi la chaki kwenye kanga. Mshororo wa nne ulikuwa umekaa mahali pake, mizani kamili, vina vimetulia:

Deni lako bado kubwa, walala vipi usiku?

Miaka yote darasani sijawahi kupata jibu kama lile. Likitokea la namna hiyo, usilisahihishe tahajia mbele za watu, subiri waondoke. Ukikuta tusi au siasa, futa bila hotuba.

Jambo la mwisho ni daftari. Chaki haivumilii mvua, na kuna siku mtu wa usafi aliufuta ubao mzima kabla sijafika. Sasa nanakili kila jioni kabla taa hazijawashwa. Ugomvi wa mchukuzi na mama ntilie peke yake umefika beti kumi na moja, na lile deni halijalipwa.