Jiwe Linaloelea: Namna ya Kulitambua Ufukweni Mombasa

Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Jiwe la volkano likionekana Shanzu au Likoni ni mgeni, limeletwa na watu au na bahari. Lililoletwa na bahari ni lile jepesi lenye vitundu, ambalo wengi tunalijua kwa kusugulia visigino.

Litafute baada ya bamvua, maji yakiwa yametoka. Fuata mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu, kwani kinachoelea huachwa pale maji yalipoishia. Beba ndoo, siki au ndimu, kisu na kipande cha kioo. Ndani ya hifadhi ya bahari usiondoke na kitu, pima, urudishe.

Kwanza likwangue. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu majibu: jiwe lililosafiri baharini hubeba magamba ya chokaa, nayo yakiguswa na siki hutoa povu, ukadhani umeokota tumbawe. Likishakuwa safi, lidondoshee siki. Tumbawe huchemka, jiwe la volkano hunyamaza.

Kisha litie ndooni. Kuelea peke yake si ushahidi, maana mfupa wa ngisi nao huelea, na vipande vya maboksi meupe ya samaki vilevile. Mfupa wa ngisi huchimbika kwa ukucha na huchemka kwa siki, boksi hubonyea. Mwisho, lisugue juu ya kioo. La volkano hukwaruza, kwa sababu lenyewe ni kioo kilichoumuka kama donge la mahamri.

Usilikaushe motoni kisha ukalitia maji: hewa ya moto iliyomo ikipoa hunywea, maji yanavutwa ndani, jiwe linazama, nawe unalitupa bure.

Uumukaji huo hutokea katika milima iliyojengwa kwa matabaka ya lava na majivu. Uji wake wa mwamba ni mzito, wenye silika nyingi (madini yaundayo kioo), hivyo gesi haipati njia. Uji huo ukipanda, mgandamizo hupungua, gesi hutanuka, povu huganda ghafla. Vitundu virefu kama nyuzi vinaonyesha kwamba povu lilivutwa likiwa bado laini. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nacho kina matabaka, lakini mawe ya baharini huweza kutoka mbali zaidi, yakiletwa na mkondo unaovuka Bahari ya Hindi kutoka Indonesia. Krakatau, volkano ya huko, ilianza kulipuka tarehe 20 Mei 1883, na sauti ya mlipuko wa tarehe 27 Agosti ikasikika hadi kisiwa cha Rodrigues katika Bahari ya Hindi, karibu kilomita 4,800. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi kwa mawimbi. Mawe yake yalifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1884.

Hata hivyo usiandike "Krakatau" kwenye jiwe lako. Mlima wake hutambuliwa kwa kupima kemia yake maabarani. Andika tarehe, ufuo, umbali kutoka mstari wa mwani, na uzito likiwa kavu.