Kumtafutia mtoto mwembamba wetisuti hapa Moshi bila kupigwa

Nafundisha watoto kuogelea, na kila Juni ikiingia na ule ubaridi wake wazazi wananiuliza, mwalimu mbona huyu anatetemeka na wetisuti kavaa? Namwangalia mtoto, ile suti ya mpira ya kumtunzia joto majini imempwaya.

Hata mimi nimeshakosea hapo. Kijana wangu alikuwa na miaka 8, mwembamba kama fito, nikamchukulia ya miaka 12 akue nayo, si ndo tunavyofanya na sare za shule. Kuingia tu majini suti ikajaa maji mgongoni akawa na nundu kama ngamia, dakika kumi nyingi meno yanagongana. Wetisuti haizuii maji kuingia jamani, yanaingia kidogo yanakaa kati ya mpira na ngozi, mwili unayapasha, na mpira unazuia joto lisitoke. Ikipwaya, kila akipiga mkono ya moto yanatoka ya baridi yanaingia, na mtoto asiye na nyama hana akiba ya kupasha upya kila saa.

Hatua ya kwanza, futi ya fundi. Pima kifua futi ikipita chini ya kwapa, kiuno, na urefu. Ile lebo ya umri achana nayo, haimjui mwanao. Mtoto mrefu mwembamba kifua kitasema saizi 8, urefu utasema 12, wewe sikiliza kifua. Mikono au miguu ikipelea sentimita chache wala haina shida.

Pili, unene. Ikiandikwa 3/2 maana yake milimita 3 kiwiliwili, 2 mikono na miguu, na kwa bwawa la huku hiyo inatosha kabisa. Usinunue ya 5 eti baridi kali, atashindwa hata kunyanyua mkono. Mkienda kwenye chemchemi ya Chemka iacheni nyumbani, maji yenyewe vuguvugu.

Tatu ndo kwenye kazi, kujaribisha. Mwili uwe mkavu. Wenzetu wanavaa mfuko wa plastiki mguuni ili uteleze, sisi mifuko ilishapigwa marufuku 2019 kwa hiyo mvalishe soksi nyembamba, vuta kidogo kidogo kuanzia kifundo cha mguu kwa nyama ya vidole, kucha zinachana mpira. Ukishafunga zipu bana mpira pale kiunoni nyuma, ukijaa kiganjani ni kubwa, rudisha. Kwapani na msambani pasiwe na uwazi. Halafu achuchumae, anyanyue mikono yote juu, avute pumzi ndefu. Mabega yakivutwa chini, kiwiliwili cha suti ni kifupi, hapo hata kama kifua kimekaa vizuri tafuta nyingine. Ikambana kidogo ikiwa kavu ni sawa, ikilowa inalegea.

Kwenye mitumba, Memorial au Kiboriloni, zinatokea kwa bahati kwenye belo la nguo za michezo na muuzaji mwenyewe anaweza asijue kashika nini, kwa hiyo usionyeshe furaha. Huna mtoto hapo? Ilaze, pima kifua upana, zidisha mara mbili. Ikipungua kidogo kuliko kifua cha mtoto sawa, maana mpira unavutika, ikizidi iache. Vuta magotini na kwapani uone kama mpira una nyufa, mpira uliokauka haurudi.

Sasa huyu anayekua kila mwezi? Nunua inayomtosha leo. Ikiwa imezidi kidogo sana mvalishe fulana ya kubana ndani, inapunguza nafasi. Fundi cherehani anaweza kuipunguza ubavuni ila tundu za sindano zitapitisha maji, kwa bwawani sawa tu. Akitoka suuza maji ya bomba maana klorini inakula mpira, geuza ndani nje, anika kivulini. Ya pili niliyomnunulia yule kijana, ile iliyomtosha, saa hizi anaivaa mtoto wa nne, wa jirani.