Namna ya Kuisoma Herufi Delta Kulingana na Mahali Ilipoandikwa

Delta ni herufi ya nne ya alfabeti ya Kigiriki, na mwanafunzi anayeikuta leo katika kitabu cha fizikia na kesho katika cha kemia hapaswi kudhani kwamba inasema jambo lile lile. Kabla ya kukokotoa chochote, tazama umbo lake, kisha tazama kilichoandikwa kando yake.

Delta kubwa, Δ, ni pembetatu. Delta ndogo, δ, ni kiduara chenye mkia unaopanda juu na kupinda. Usiichanganye na ∂ ya kalkulasi, ambayo haimo katika alfabeti ya Kigiriki.

Δ ikitangulia alama ya kiasi fulani, kama katika ΔT (T ni halijoto) au Δv (v ni kasi), inamaanisha badiliko, yaani kiasi cha mwisho ukitoa kiasi cha mwanzo, kwa mpangilio huo huo. Maji yakipoa kutoka nyuzi 80 hadi 30 za Selsiasi, ΔT ni −50 wala si 50, kwa kuwa alama ya kutoa ndiyo inayoeleza kwamba halijoto imeshuka. Zaidi ya hayo, Δ haizidishwi na herufi inayoifuata, bali viwili hivyo ni kitu kimoja. Ndiyo maana katika Δv/Δt (t ni muda) huruhusiwi kukata Δ ya juu na ya chini: utabaki na v/t, ambayo hutoa mchapuko wa wastani pale tu kitu kilipoanza kutoka tuli na muda ukahesabiwa tangu sifuri.

Ikisimama peke yake katika kutatua mlinganyo ax² + bx + c = 0, Δ ni b² − 4ac. Ikiwa chanya, mlinganyo una majibu mawili. Ikiwa sifuri, jibu ni moja. Ikiwa hasi, hakuna jibu katika namba halisi. Katika kemia, Δ juu ya mshale wa mmenyuko huagiza kupasha joto, ilhali δ− kando ya oksijeni katika molekuli ya maji huonyesha kwamba elektroni zimevutwa upande huo.

Wagiriki waliipata herufi hii kwa Wafoinike, walioiita daleth, yaani mlango, na ukoo huo huo ndio uliozaa dal ya Kiarabu. Aliyesoma abjadi, yaani herufi za Kiarabu zikitumika kama namba, anajua kwamba dal ni 4. Wagiriki nao waliandika 4 kwa delta. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Herodotus aliliita Delta eneo la Misri ambako Nile hugawanyika kabla ya kuingia baharini. Ukifungua ramani ya leo, pembetatu hiyo imepinduka: ncha iko kusini, karibu na Cairo, na kitako kiko Mediterania. Baadaye jina lilienea hata kwa mito ya kwetu, Rufiji na Tana.

Wakati mwingine herufi hii ni jina tu. Shirika la Afya Duniani lilipoiita aina moja ya kirusi cha korona Delta mwaka 2021, lilikuwa likifuata mfuatano wa alfabeti, hivyo usitafute hesabu humo.

Ili kuiandika katika Word ya Windows, chapa 0394 kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja; kwa δ, chapa 03B4.