Kutia petroli na kufunga boti gatini Lamu

Tangi la kubebeka litoe nje, ulijazie chini gatini, siyo ndani ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ukajikusanya chini ya mbao za sakafu, na cheche moja yatosha. Kwanza nawashusha abiria wote, hata wenye haraka. Mdomo wa bomba uguse tangi muda wote, na uache nafasi juu, maana jua hutanua mafuta. Injini ya tustroki, ile inayochoma oili iliyochanganywa na petroli, ikitaka oili moja kwa petroli hamsini, lita 25 za petroli hutiwa nusu lita ya oili.

Fungua kizibo cha hewa cha tangi, bonyeza mpira wa mafuta, ule ulio kwenye mpira wa kupeleka petroli injini, mpaka uwe mgumu, kisha jifunge mkononi kamba ya kuzimia injini. Hapo sina mjadala na mtu: ukitupwa majini bila kamba hiyo, boti huweza kuzunguka na rafadha, yaani panga la injini, ikakurudia.

Wakati wa kurudi, tazama boti zilizotia nanga zimeelekeza omo, yaani sehemu ya mbele, wapi, nawe ingia vivyo hivyo, polepole, ukikabili mkondo. Mkono wa injini husukumwa kinyume: kwenda kulia, sukuma kushoto. Karibu na ngazi, gia huru, kisha rivasi fupi. Abiria asitoe mguu kuzuia boti, huvunjika.