Namna ya kuandika kifungu cha kukataa malalamiko yasiyo na msingi

Ukipewa kazi ya kuandaa sheria au kanuni za tume inayopokea malalamiko, kiandike mapema kifungu cha kukataa, kwa sababu tume isiyoruhusiwa kufunga jalada lolote hujikuta ikisuluhisha ugomvi wa majirani huku barua ya mahabusu aliyepigwa ikisubiri kabatini.

Taja sababu za kukataa moja moja. Sheria ya Ombudsman (ofisa anayechunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali) ya New Zealand ya mwaka 1975 inafaa kuigwa: kifungu cha 17 kinaruhusu kukataa ikiwa jambo ni dogo mno, limeletwa kwa kusumbua tu au kwa nia mbaya, halimhusu mlalamikaji vya kutosha, au alilijua kwa zaidi ya miezi 12 kabla ya kulalamika, kisha kinalazimisha aelezwe uamuzi na sababu zake.

Neno la hatari hapo ni "dogo". Tuseme mama mmoja ameandika kwamba karani alimtoza Sh 2,000 kwa fomu inayotolewa bure. Fedha hiyo pengine haifiki hata nauli ya ofisa wa kwenda kumhoji, lakini karani huyo hukaa dirishani kila siku na foleni haipungui. Kwa hiyo weka sharti kwamba ofisa, kabla ya kuliita lalamiko dogo, apekue rejista aone kama ofisi hiyo imewahi kulalamikiwa kwa jambo hilohilo.

Lalamiko lisilo na msingi pia lisichanganywe na lisilo na ushahidi, maana mlalamikaji hana uwezo wa kufungua mafaili ya serikali. Hiyo ni kazi ya tume. Kipimo kiwe hiki: hata yote aliyoyasema yakiwa kweli, je, kuna kosa lililotendeka? Kama halipo, jalada lifungwe.

Barua isemayo "lalamiko lako halina mashiko" haimwelezi mtu chochote. Ni afadhali iandikwe: "Unapinga hukumu ya hakimu, hukumu hukatiwa rufaa mahakamani, nasi hatuna mamlaka ya kuibadili." Kwa Kenya, Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi yule ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala.

Mwisho, mruhusu mlalamikaji aombe mapitio, ningependekeza ndani ya siku 30, mbele ya ofisa asiyekuwa yule aliyefunga jalada, na uidai tume ioneshe katika ripoti ya mwaka ni majalada mangapi yamefungwa kwa kila sababu.