Kusafiri ng'ambo kwa ajili ya kukereza mbao: mpango wa kuanzia Mombasa

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anakereza, yaani anachonga mbao inayozungushwa na mashine, ana mashine yake hata kama ni ndogo, na anataka likizo yake ya ng'ambo iwe ya kujifunza kazi. Namna ya kutafuta tikiti na hoteli unaijua.

Hatua ya 1: Chagua ufundi, nchi itafuata

Ukianza na swali la "niende wapi" utaishia kuzunguka madukani Dubai. Anza na kile usichokiweza.

Kama shida yako ni bakuli na makali ya bobari (patasi yenye mfereji), nenda Uingereza. Walimu wengi huko hufundisha kwenye karakana zao wenyewe, mwanafunzi mmoja au wawili kwa siku, na chama cha wakereza cha AWGB kina matawi mikoani. Kama unataka kuona mabingwa wengi mahali pamoja, kongamano la kila mwaka la chama cha Marekani, AAW, huhamahama mji hadi mji, kwa hivyo hakikisha ni mji gani mwaka huo. Seiffen, Ujerumani, wanakereza pete nzima ya mti mbichi, kisha wanaipasua kama keki na kila kipande kinatoka kikiwa mnyama: ng'ombe, farasi, ndovu. Kuona hilo kwa macho kunafaa kuliko video mia.

Kwa mfuko wa kawaida, mimi ningesema Channapatna, India, kilomita 60 hivi kutoka Bengaluru kwenye barabara ya Mysuru. Wanakereza wanasesere na pia za kuchezea, kisha wanabana kijiti cha lakri yenye rangi kwenye kitu kinachozunguka. Msuguano unaiyeyusha, inaenea, na mng'aro wa mwisho unatokana na jani kavu la mkadi. Mkadi tunao pwani, hapa tunajua kuvaa maua yake tu.

Hatua ya 2: Tarehe na viza

Pata barua ya mwalimu kwanza, yenye tarehe na anwani, ndipo uombe viza. Viza ya kawaida ya mgeni ya Uingereza inaruhusu kozi ya kujifurahisha isiyozidi siku 30. Ireland ina viza yake. Ya Schengen (Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya) huombwa kati ya miezi 6 na siku 15 kabla ya safari, na bima isipungue yuro 30,000. Ya Marekani mahojiano ni Nairobi, na foleni ya miadi inaweza kushinda ya kivuko cha Likoni, kwa hivyo shika miadi kabla hujalipia kongamano.

Hatua ya 3: Vifaa vya kubeba

Vichache. Mwalimu ana vyake. Beba bobari moja unayoizoea na patasi nyembamba ya kukatia ya milimita 3, basi. Kishikio cha meno manne, kinachobana mbao kwenye mashine, kiache nyumbani, ni kilo mbili za bure.

Ng'oa mipini ukiweza. Chuma kitupu ni kama sentimita 30, kinalala vizuri kwenye bomba la plastiki la inchi 2 lenye vifuniko pande zote. Mpini ukiwepo kinavuka urefu wa sanduku. Makali yafunike kwa kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa, kisha zungushia leso kuukuu. Vyote viende kwenye mzigo wa chini ya ndege. Hakuna patasi itakayovuka ndani ya begi la mkononi, usibishane na mkaguzi.

Betri za drili ni kinyume: za akiba zinakaa nawe kwenye kabini. Zidisha volti kwa ampea-saa. 18 × 5 ni wati-saa 90, iko chini ya kikomo cha 100. Ya 18 × 6 ni 108, hiyo inahitaji idhini ya shirika la ndege. Shelaki ya majimaji, sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao), spiriti na kopo lolote la kupuliza visipande ndege. Nta ngumu ya nyuki haina neno.

Kama ndege yako inaondokea Nairobi, unganisha kutoka uwanja wa Moi kwa ndege. Stesheni ya treni ya Miritini mizigo hupita kwenye mashine na mbele ya mbwa, na vyuma vyenye makali huko ni mjadala.

Hatua ya 4: Mbao na zawadi (anza miezi mitatu kabla)

Hapa ndipo safari huharibikia. Kila mkereza wa pwani anataka kumpelekea mwenyeji wake pingili ya mpingo. Usifanye hivyo.

Mpingo (*Dalbergia melanoxylon*) uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Vitu vilivyokamilika vya hadi kilo 10 kwa shehena vimesamehewa, yaani kalamu iliyokwisha, bakuli lililokwisha. Pingili ya kwenda kukerezwa haijakamilika, hata uipige nta namna gani. Inahitaji kibali, na hapa Kenya kibali hicho ni cha KWS, shirika la wanyamapori. Mbambakofi nao, mti wa milango ya Lamu, umeingia: Afzelia zote za Afrika ziliorodheshwa mwaka 2022 na zikaanza kubanwa Februari 2023, pamoja na Pterocarpus, yaani mninga. Kwa hizi kinachobanwa ni magogo, mbao zilizopasuliwa na jamaa zake. Bakuli lililokerezwa halimo. Lakini ofisa wa forodha hatambui mti kwa kuutazama. Andika kikaratasi kwa kila kitu: jina la mti la Kilatini, uzito, na neno "kimekamilika" kwa lugha ya huko. Ukinunua kwa wachongaji wa Akamba pale Changamwe, omba risiti inayotaja mti.

Mbao ghafi ya mti wowote, hata mwembe, iulizie cheti cha afya ya mimea kwa KEPHIS, shirika la ukaguzi wa mimea, kabla ya kufunga mzigo. Gome lisiwepo kabisa. Ukigonga kipande mezani kikaangusha unga, kuna dumuzi ndani, kiache. Australia unatangaza kila kitu cha mti kwenye fomu ya kuingilia, hata kijiko.

Kwa hivyo peleka vitu vilivyokwisha, na uvifanye vya mwembe, mfenesi au mwarobaini.

Sasa unyevu, na hapa watu hupoteza kazi nzuri. Mbao iliyokauka kivulini Mombasa hutulia kwenye asilimia 14 hadi 16. Nyumba ya Ulaya wakati wa baridi, hita ikiwaka, huivuta hadi 6 au 8. Bakuli lililotoka Kisauni likiwa zima linapasuka London ndani ya wiki mbili, mbele ya mwenyewe uliyempa.

Dawa ni kukereza mara mbili. Mara ya kwanza mti ukiwa mbichi, acha unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo: bakuli la sentimita 25 libaki na milimita 25. Paka nta kwenye ncha za nyuzi, lifukie kwenye takataka zake ndani ya mfuko wa karatasi. Lipime kwa mizani ya jikoni kila wiki; uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, limefika mwisho wa hewa ya Mombasa. Bado. Lihamishie kwenye friji mbovu iliyotobolewa matundu chini na juu, na taa ya waya ya wati 60 ndani. Taa ya LED haitoi joto la kutosha, usijidanganye. Kipima unyevu kikisoma 8, kereza mara ya pili siku hiyohiyo, paka nta, funga kwenye plastiki. Likikaa nje wiki moja linakunywa unyevu tena.

Hatua ya 5: Kununua huko

Mashine za umeme nunua Uingereza: volti na plagi ni zetu. Mota ya Marekani ni ya volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Kubadilisha volti pekee hakutoshi, kwenye 50 itazunguka pole na kupata moto.

Kishikio kinafuata uzi wa skrubu wa mashine yako. Ulaya ni M33 × 3.5 kwa mashine kubwa, Marekani inchi 1 au inchi 1¼ yenye meno 8 kwa inchi. Pima kabla ya kuondoka, uandike kwenye simu. Na bobari: Mwingereza hupima mfereji, Mmarekani hupima unene wa chuma. Ya inchi 3/8 ya Mwingereza ndiyo 1/2 ya Mmarekani.

Hatua ya 6: Kurudi

Weka risiti mkononi. Mbao ghafi usirudi nayo bila kibali cha KEPHIS ulichokipata kabla ya safari. Vyuma vipake mafuta usiku huohuo, hewa ya bahari haisubiri. Vijaluba ulivyonunua Ulaya viache wazi wiki mbili, mwili na kifuniko mbalimbali, kabla hujavifunika. Ukikifunika siku ya kwanza kitavimba na kufanya yai, na utakitoa kifuniko kwa nyundo.