Jinsi ya kuomba leseni ya biashara ya kutengeneza na kutunza bustani Dar es Salaam

Fundi wa bustani hufanya kazi kwenye viwanja vya wateja wake, leo Mikocheni na kesho Kigamboni, huku majembe na mashine yake ya kukatia nyasi vikilala nyumbani. Taratibu za leseni, kwa upande mwingine, zimejengwa juu ya eneo la biashara, na kila ofisi utakayopitia itataka kujua eneo hilo liko wapi na kwa mkataba gani. Kwa sababu hiyo, anayetaka kurasimisha kazi hii aanze kwa kuamua anwani, kabla hajafikiria jina wala nembo. Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano, yaani Jiji la Dar es Salaam, ambalo hadi mwaka 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Leseni yako itatolewa na halmashauri ilimo anwani yako, hata kama wateja wako wengi wapo kwingine.

Anwani inaweza kuwa chumba kimoja cha ofisi, stoo ya vifaa au kitalu cha miche. Wengi huvutiwa na kitalu cha kando ya barabara kubwa kwa sababu maua hujitangaza yenyewe kwa wapita njia, lakini sehemu kubwa ya vitalu hivyo ipo ndani ya hifadhi ya barabara, ambako mwenye kitalu hukaa kwa ridhaa ya wakala za serikali za barabara, TANROADS au TARURA, na anaweza kutakiwa kuondoka mradi unapofika. Eneo la namna hiyo linafaa kuuzia miche. Kulifanya kuwa anwani pekee ya leseni ni kujitafutia usumbufu. Ni heri kuwa na chumba kidogo chenye mwenye nyumba anayejulikana na anayekubali kusaini mkataba.

Mkataba wa pango ndio waraka unaowagharimu waombaji wengi zaidi ya walivyotarajia, na inafaa tuukalie kidogo. Ukiupeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), utadaiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka, na pia kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango hilo. Tuseme chumba ni shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka: stempu itakuwa 24,000 na kodi ya zuio 240,000. Kisheria kodi ya zuio ni ya mwenye nyumba, ila mpangaji ndiye anayepaswa kuikata kwenye pango na kuiwasilisha serikalini. Mpangaji aliyekwisha kumkabidhi mwenye nyumba fedha zote atajikuta akiilipa kutoka mfukoni mwake, kwani ni wachache wenye nyumba wanaokubali kurudisha walichokwisha kupokea. Lizungumzeni jambo hili kabla ya kusaini, na makubaliano yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe.

Anwani ikishapatikana, sajili jina la biashara kwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Utahitaji namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, na ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ambayo mfumo utakupa. Unapoeleza shughuli za biashara, taja zote unazokusudia kuzifanya, yaani kutengeneza bustani, kuzitunza, kuotesha na kuuza miche, ili usilazimike kurudi kufanya mabadiliko baada ya miezi michache. Anayetaka kampuni badala ya jina la biashara ataisajili hapohapo BRELA, japokuwa kwa fundi anayeanza na vibarua wawili watatu sioni haraka ya kujibebesha gharama za hesabu na ukaguzi wa kampuni.

Hatua inayofuata ni TRA. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bila malipo, na kwa kawaida utatakiwa kuwa na namba ya NIDA, mkataba wa pango na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Baada ya hapo utafanyiwa makadirio ya kodi ya mwaka, ambayo hulipwa kwa awamu nne. Jieleze kwa usahihi katika mazungumzo haya, maana muuza miche, mtunza bustani wa mwezi kwa mwezi na mtu anayejenga bustani pamoja na njia na kuta zake hawatazamwi kwa jicho moja na sheria ya kodi. Ukishalipa unachodaiwa kwa wakati huo pamoja na stempu na kodi ya zuio ya pango nilizozitaja, utapewa hati ya uthibitisho wa ulipaji kodi, ambayo bila hiyo halmashauri haitakupa leseni. Mauzo yako yakifikia shilingi milioni 11 kwa mwaka, utalazimika pia kutoa risiti kwa mashine ya EFD, yaani ya risiti za kielektroniki, na wateja ambao ni kampuni, shule au hoteli watakudai risiti hiyo hata kabla ya kukulipa.

Sasa unaweza kuomba leseni yenyewe. Chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, leseni za kundi A hutolewa na BRELA na zile za kundi B hutolewa na halmashauri. Biashara ndogo ya bustani huangukia kundi B. Maombi hufanywa katika mfumo wa TAUSI wa Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Fungua akaunti kwa namba yako ya NIDA, chagua huduma ya leseni ya biashara, jaza TIN, chagua halmashauri, kata na mtaa, kisha aina ya biashara, na upandishe nakala za cheti cha BRELA, mkataba wa pango na hati ya kodi. Kama aina unayoitafuta haimo kwenye orodha kwa jina unalolitumia, muulize afisa biashara wa halmashauri kabla ya kuchagua iliyo karibu nayo, kwa kuwa ada hufuata aina iliyochaguliwa. Maombi yakikubaliwa utapata kumbukumbu namba, utalipa benki au kwa simu, na leseni utaichapa mwenyewe.

Leseni hii ina mpaka wake. Kupanda nyasi, miti na maua na kuvitunza ni jambo moja. Kujenga ukuta wa kuzuia udongo, kutandaza matofali ya njia, kuchimba mitaro au kujenga bwawa ni kazi za ujenzi, nazo zinasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi chini ya sheria ya mwaka 1997, ambayo inakataza mtu asiyesajiliwa kufanya biashara ya ukandarasi. Mteja akitaka vyote kwa pamoja, ama jisajili kwenye bodi hiyo, ama ushirikiane na mkandarasi aliyesajiliwa na mkataba uonyeshe nani anafanya nini. Vivyo hivyo, usijinadi kuwa msanifu wa mandhari kwa sababu tu unachora vizuri. Hiyo ni taaluma yenye shahada yake Chuo Kikuu Ardhi na bodi yake ya usajili, AQRB, yaani Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

Gharama hizi zote zinapaswa kurudi kupitia bei, na hapo ndipo wenye leseni wengi wanapoumia, kwa sababu wanashindana na fundi asiye na leseni ambaye hutaja bei kwa kutazama uwanja kwa macho. Pima. Uwanja wa mita 20 kwa 15 una mita za mraba 300. Ukihitaji udongo wa juu wa sentimita 10, hizo ni mita za ujazo 30, sawa na tripu sita za tipa la mita za ujazo tano. Nyasi za Pemba zikipandwa kwa nafasi ya sentimita 15 kila upande, uwanja huo utakula zaidi ya vipando 13,000. Weka pia maji ya wiki za mwanzo na vipando vitakavyokufa. Ankara ya bei itenganishe vifaa na huduma, kwani mteja ambaye ni kampuni hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, na usipotenganisha atakata kwenye jumla yote, pamoja na fedha za udongo na mbolea ambazo si faida yako.

Soko la Dar es Salaam hufuata mvua. Kazi za kupanda huja kwa wingi masika na vuli, kisha kiangazi huacha kazi za matunzo, hivyo mikataba ya mwezi ndiyo inayolipa pango la chumba chako. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi. Yaonje au uyapime kabla ya kuahidi aina fulani ya nyasi. Zabuni za taasisi za umma hutangazwa katika NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, na asilimia 30 ya thamani ya ununuzi wa mwaka wa kila taasisi hutengwa kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa humo.

Leseni hudumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Kuihuisha kunahitaji hati mpya ya kodi na mkataba wa pango ambao haujaisha muda, kwa hiyo panga mkataba wako umalizike baada ya leseni, wala si kabla yake.